Jinsi ya kudai matunzo ya mtoto kupitia ustawi wa jamii: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Dodoma

Madai mengi ya matunzo yanayofika ofisi za ustawi wa jamii yana haki ndani yake, ila hayana hesabu. Mama anafika na mtoto mgongoni, anasema baba hatoi kitu. Akiulizwa anahitaji kiasi gani kwa mwezi, anajibu "chochote tu." Baba akiitwa, anasema atatoa "kadiri nitakavyojaliwa." Wanasaini, wanaondoka, na baada ya miezi miwili mama yuko tena kwenye benchi lilelile, safari hii baba kaingia mitini.

Hapa tunaeleza namna ya kufika ofisini ukiwa na ushahidi, hesabu na pendekezo ambalo mtu anayetafuta riziki Dodoma anaweza kulitekeleza, awe bodaboda wa Nkuhungu, mkulima wa uwele Chilonwa, fundi ujenzi Mtumba au mtumishi wa serikali. Huduma ya ustawi wa jamii ni bure. Hakuna ada ya kufungua jalada wala ya kumwita mtu.

Nani anaweza kudai

Sheria ya Mtoto ya 2009 haiulizi kwanza kama wazazi walioana. Inauliza mtoto ni wa nani na anahitaji nini: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, na nafasi ya kucheza. Dai linaweza kufunguliwa na mzazi, mlezi, ndugu wa mtoto, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe akisaidiwa na mtu mzima. Jambo hili lina uzito mkubwa huku kwetu. Vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa vimejaa bibi wanaolea wajukuu ambao mama zao wako Dar es Salaam kwenye kazi za ndani. Bibi huyo hahitaji kumsubiri binti yake arudi ndipo adai. Anaweza kudai yeye, na anaweza kuwadai wazazi wote wawili. Baba anayelea peke yake naye ana haki ileile dhidi ya mama mwenye kipato.

Inafaa kujua tulikotoka. Kabla ya sheria hii, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliangukia sheria ya zamani iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na kikomo hicho kiliendelea kuandikwa kwenye vitabu vya sheria hadi Sheria ya Mtoto ilipoifuta. Leo hakuna kiwango kilichopangwa. Maana yake ni kwamba kiasi kinatokana na hesabu itakayowekwa mezani, na asiyeleta hesabu anamwachia mwenzake apange.

Usikae sana. Sheria inaruhusu kudai hata kabla mtoto hajazaliwa. Kwa mwanamume ambaye hajathibitishwa kuwa baba, hesabu ya msingi ni miezi 24 tangu mtoto kuzaliwa. Muda huo ukipita, mlango unaweza kufunguliwa kwa kuonyesha kwamba ndani ya miezi hiyo aliwahi kutoa fedha za kumtunza mtoto. Ndiyo maana ule muamala mmoja wa shilingi 10,000 ulioandikwa "ya maziwa" unaweza kubeba dai zima. Usiufute.

Karatasi za kukusanya kabla hujatoka nyumbani

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mkoani Dodoma na Singida usajili unafanyika bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, kwa hiyo usisafiri kwenda mbali kabla hujauliza karibu. Wazazi ambao hawajaoana wajue kwamba jina la baba linaingia kwenye cheti akiwa amekubali mwenyewe. Cheti kisicho na jina la baba hakiui dai. Kinakulazimu tu uwe na ushahidi mwingine.

Ushahidi huo mara nyingi uko ndani ya nyumba bila watu kuutambua. Kadi ya kliniki ya ujauzito ina sehemu ya mwenza, na kama alikuja kupima pamoja nawe, jina lake lipo. Picha za sherehe ya kumtoa mtoto nje, ujumbe wa simu anaomwita "mwanangu", barua ya posa, miamala ya M-Pesa au Airtel Money, jirani au mwenye nyumba aliyewaona mkiishi pamoja: vyote hivi vinasaidia. Ujumbe uache kwenye simu yenyewe, kisha piga picha ya skrini na uchapishe. Miamala iombe kwa kampuni ya simu kama taarifa iliyochapishwa, kwa sababu taarifa hiyo inaonyesha tarehe, jina na kiasi kwa mpangilio ambao hakuna atakayeubishia.

Akikataa kabisa, kipo kipimo cha vinasaba. Watu wengi wanadhani wanaweza kwenda na mtoto na kupima kama wanavyopima malaria. Haiwezekani. Ombi linapelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia ngazi zinazotambuliwa, kama mahakama au afisa ustawi wa jamii, na sampuli zinachukuliwa kwa utaratibu unaothibitisha ni za nani. Kipimo kina gharama, hivyo kabla ya kukiomba muulize afisa nani atalipa na lini. Wanaume wengi wanaotamba kwamba "tupime" hunyamaza wakiandikiwa barua ya kupima, na kunyamaza huko nako kuandikwe kwenye jalada.

Ongeza barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa wako, kadi ya NIDA au namba yake, na anuani kamili ya unayemdai: mtaa, kijiwe anachopakia, jina la mwajiri, namba za simu zote unazozijua, na jina la ndugu yake mmoja anayeheshimika. Jalada lisilo na mahali pa kumpata mtu litakaa kabatini.

Hesabu ya mtoto

Sehemu hii ndiyo inayochukua muda na ndiyo inayolipa. Chukua daftari, andika vitu vya mwezi mmoja kwa kiasi, kisha ndipo uweke bei. Ukianza na bei utakisia. Ukianza na kilo na lita, kila mtu mezani anaweza kukagua.

Mfano ni mtoto wa miaka saba, darasa la kwanza, anayeishi na mama na mdogo wake kwenye chumba cha kupanga. Bei ni za mfano tu, wewe andika za soko unalonunulia wiki hiyo, iwe Majengo au genge la mtaani.

- Sembe kilo 6 kwa 1,500: 9,000
- Unga wa uji kilo 3 kwa 3,000: 9,000
- Mchele kilo 4 kwa 2,500: 10,000
- Maharage kilo 2 kwa 3,000: 6,000
- Mafuta ya alizeti lita 1: 5,500
- Sukari kilo 2 kwa 3,000: 6,000
- Maziwa nusu lita kwa siku, lita 15 kwa 2,000: 30,000
- Mboga, nyanya na dagaa, 500 kwa siku: 15,000
- Sabuni na mafuta ya kupaka: 6,000

Jumla ya hapo ni 96,500. Sasa vitu vya pamoja. Kodi ya chumba 45,000 igawe kwa watu watatu, sehemu ya mtoto ni 15,000. Maji, mkaa na umeme 36,000, sehemu yake 12,000. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuandika kodi yote kama ya mtoto. Baba anaona, anaanza kubisha kila mstari, na afisa anapoteza imani na karatasi nzima.

Halafu vitu vya mwaka. Elimu ya msingi kwenye shule za serikali haina ada, lakini sare hazijitengenezi. Sare jozi mbili kwa 20,000 ni 40,000, viatu 25,000, madaftari, kalamu na mkoba 31,000. Jumla 96,000, ukigawa kwa 12 ni 8,000 kwa mwezi. Nguo za nyumbani 5,000, matibabu 5,000, chakula cha shule na michango mliyokubaliana kwenye kikao cha wazazi 5,000.

Mtoto huyu anahitaji 146,500 kwa mwezi.

Hiyo ni gharama ya mtoto, na wazazi wote wawili wanaichangia kulingana na kipato. Sheria inaitaka mahakama iangalie kipato na mali ya wazazi wote, mzigo wa watoto wengine, upungufu wowote wa uwezo wa kufanya kazi, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Fanya hivyohivyo mapema. Tuseme baba ni bodaboda anayebaki na 12,000 kwa siku baada ya mafuta na marejesho, kwa siku 25: 300,000. Mama anauza vitumbua, anabaki na 150,000. Uwiano ni mbili kwa moja, basi baba abebe theluthi mbili.

Usikubali kazi ya kulea ihesabiwe sifuri. Anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, anayefunga genge siku ya kliniki, anayeshindwa kwenda kibarua kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, anachangia. Itaje wazi mbele ya afisa, hata kama hamtaiwekea shilingi. Huko ndiko dhuluma kubwa ya malezi ilikojificha, na kama haikusemwa haitaandikwa.

Kufungua shauri

Njia ya kawaida ni mtaa, kata, kisha halmashauri. Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii wake peke yake. Uliza kwa mtendaji wa kata afisa anakuja siku gani, au nenda moja kwa moja ofisi ya jiji au ya wilaya, kwa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chemba. Hulazimiki kumaliza ngazi za chini kama huko kuna ndugu wa mdaiwa au kama umeshazungushwa.

Usiache kesi ikamalizwa mtaani kwa mdomo. Wazee wakisuluhisha ni jambo jema, lakini "tumeyamaliza nyumbani" bila maandishi ni kurudi mwanzo. Kama wameafikiana, chukua muhtasari uliosainiwa na upeleke nao.

Ofisini utaandikwa maelezo. Sema tarehe na vitendo: lini mliachana, lini mara ya mwisho alitoa, kiasi gani, kwa njia ipi. Acha kwa siku hiyo habari za mwanamke mwingine na matusi ya mama mkwe, isipokuwa yanamgusa mtoto, kwani yatameza muda wako. Kabla hujaondoka hakikisha una vitu vitatu kwenye daftari lako: namba ya jalada, jina la afisa, na tarehe ya kurudi. Bila tarehe utapigwa kalenda hadi mtoto aanze shule.

Wito wa kumwita mdaiwa mara nyingi anakabidhiwa mlalamikaji aupeleke. Kama kuna historia ya vipigo au unamwogopa, kataa kwa upole na omba upelekwe na mtendaji wa mtaa anakoishi. Ukiupeleka mwenyewe, nenda na shahidi na asainishwe nakala. Wito wa kwanza usipoitikiwa unaandikwa wa pili, halafu wa tatu. Baada ya hapo omba jalada liende mahakamani. Kuendelea kuandika wito wa nne na wa tano ni kupoteza msimu.

Siku ya kikao na maandishi yake

Fika na karatasi ya hesabu nakala tatu: yako, ya mdaiwa na ya jalada. Mtu akiona kilo na lita, hasira hupungua. Mara nyingi baba ambaye amesema mama "anakula hela" huanza kubishania bei ya maharage, na hapo mmeshaingia kwenye mazungumzo ya kweli. Kama mtoto ana umri wa kujieleza, afisa anaweza kumsikiliza pembeni. Usimfundishe cha kusema.

Sentensi mbaya kuliko zote kwenye makubaliano ya matunzo ni "baba atatoa matunzo kulingana na uwezo wake." Haina kiasi, haina siku, haina njia, na haiwezi kuvunjwa kwa sababu haikuahidi kitu. Ikiandikwa, omba ifutwe kabla hujasaini.

Kwa mtu anayepata pesa kila siku, malipo ya mwisho wa mwezi hayafai. Tarehe 30 hana kitu, pesa imeshapita mikononi. Mpangie kwa wiki. Kwenye mfano wetu, toa mahitaji ya shule ya mwaka (8,000) na matibabu (5,000), yalipwe kivyake. Zinabaki 133,500, theluthi mbili ni 89,000 kwa mwezi, sawa na kama 20,500 kwa wiki. Maandishi yawe hivi:

"Mimi (jina kamili, namba ya NIDA, mtaa), nakubali kumtunza mtoto (jina, tarehe ya kuzaliwa) kama ifuatavyo. Nitatuma Sh 20,500 kila Jumapili kabla ya saa 2 usiku kwenye namba (namba na jina la usajili), kuanzia tarehe (tarehe). Nitanunua sare jozi mbili na viatu jozi moja kabla ya tarehe 31 Desemba kila mwaka. Mama atanunua madaftari, kalamu na mkoba. Mtoto akiugua nitalipa theluthi mbili ya gharama ndani ya siku tatu baada ya kuonyeshwa risiti. Nitamchukua mtoto Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi saa 3 asubuhi na kumrudisha Jumapili saa 11 jioni. Nikikosa kutuma wiki mbili mfululizo, nitafika ofisi hii kueleza kabla ya wiki ya tatu. Nisipofika, shauri lipelekwe mahakamani. Tutapitia kiasi hiki tarehe (tarehe)."

Saini za wote wawili, za mashahidi wawili, ya afisa, na mhuri. Kila mmoja aondoke na nakala siku hiyohiyo.

Tazama kipengele cha kumtembelea mtoto. Kimewekwa humo kwa makusudi, lakini hakitegemei malipo. Asipotuma, usimfungie mtoto. Naye hata akizuiwa kumwona, asifanye hilo kisingizio cha kutotuma. Mtoto ana haki zote mbili kwa wakati mmoja, na mzazi anayemtumia mtoto kama rehani hudhoofisha dai lake mwenyewe. Vivyo hivyo baba anayetishia "basi nitamchukua mwanangu": kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo.

Kama anayedaiwa ni mkulima

Hapa ndipo makubaliano mengi ya vijijini huvunjika, na huvunjika bila ubaya wa mtu. Kuanzia Desemba mkulima wa Kanda ya Kati yuko shambani na ghala linaelekea kuisha. Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu, na ukimwandikia 60,000 kila mwezi, kufikia Februari ameshavunja mkataba. Pesa na chakula vinakuja kuanzia Mei, mavuno yakianza.

Mwandikie kwa msimu. Mtoto anayekula kilo 7 hadi 8 za nafaka kwa mwezi anamaliza karibu kilo 90 kwa mwaka, kwa hiyo gunia moja la kilo 100 la uwele au mtama kwa mtoto mmoja lina mantiki ya kilo, na lililobaki linafidia pumba na hasara ya kusaga. Andika "lililopimwa kwenye mzani", kwa sababu neno gunia peke yake linabishaniwa: kwa mmoja ni debe sita, kwa mwingine ni lumbesa. Andika lifike lini, tuseme kabla ya tarehe 31 Julai, na nani anabeba gharama ya kulifikisha. Ongeza sehemu ya fedha kutoka zao la biashara, kama alizeti, ufuta au karanga, ilipwe ndani ya siku saba baada ya kuuza na isipite tarehe fulani, maana wengine husema bado hawajauza hadi mvua zinarudi. Wenye zabibu wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo gawa malipo yao mara mbili.

Gunia lipokelewe mbele ya mwenyekiti wa kijiji au balozi, liandikwe kwenye daftari na kusainiwa. Mtoto anayekaa mjini hahitaji uwele ambao mama atauza kwa hasara, basi kubalianeni lithaminiwe kwa bei ya siku hiyo mnadani, alete fedha. Mwaka wa ukame ukija, na kwetu unakuja, kipengele cha kupitia upya kitumike: nafaka ishuke, mbuzi au vibarua vifidie. Mtu aliyepewa njia halali ya kupunguza hana sababu ya kukimbilia Kiteto.

Mambo ambayo hayasuluhishwi kwenye meza hii

Kama msichana aliyepewa ujauzito ana umri chini ya miaka 18, hilo ni suala la jinai kabla halijawa la matunzo. Ng'ombe wawili au "faini" ya ukoo haviliondoi, na wanaokaa kikao cha kulimaliza wanamlinda mkosaji. Kumpa mwanafunzi ujauzito kuna adhabu inayofika miaka 30 jela kwa mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Kama tendo ni la siku hizi, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Msichana akishajifungua anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule. Serikali iliruhusu hilo Novemba 2021, na mkuu wa shule anayesema vinginevyo aulizwe kwa maandishi.

Pia kama unapigwa, usikubali kuwekwa chumba kimoja na anayekupiga ili "muelewane". Omba afisa awasikilize kila mmoja kwa wakati wake.

Na kama kinachotakiwa ni talaka, njia ni nyingine: chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 mnapitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la dini, na linaposhindwa ndipo linatoa hati ya kwenda nayo mahakamani. Lakini mtoto hali hati. Dai la matunzo linaweza kutangulia talaka.

Ikishindikana: mahakamani

Makubaliano ya ustawi wa jamii hayawezi kugusa mshahara wa mtu. Amri ya mahakama inaweza. Maombi yanapelekwa mahakama ya watoto. Uliza kwenye masijala ya mahakama ya wilaya ili ujue mahakama hiyo ya watoto inakaa wapi na siku gani. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hukusaidia kuandaa maombi bila malipo. Mtendaji wa kata au afisa maendeleo ya jamii atakuelekeza walipo wilayani kwako.

Kikao cha mahakama hiyo ni cha faragha. Kabla ya kuamua, mahakama hupata taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa ustawi wa jamii, hivyo tarajia kutembelewa. Usiazime godoro wala kuficha sufuria ili uonekane una shida zaidi. Afisa atauliza majirani, na uongo mdogo utaharibu ukweli mkubwa. Mwonyeshe anapolala mtoto, kadi ya kliniki, madaftari ya shule, na lile daftari la hesabu likiwa na miamala yote: wiki aliyotuma na wiki aliyokosa.

Kwa mwajiriwa, omba mahakama iagize makato yatoke moja kwa moja kwenye mshahara na yaingie kwenye akaunti yako. Hii inamaliza ugomvi wa kila mwezi kuliko njia nyingine yoyote. Kwa asiye na ajira, rudia mpango wa wiki au wa msimu na uuombe uingizwe kwenye amri neno kwa neno. Sheria inaweka pia faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita kwa anayekiuka haki za mtoto, au vyote viwili. Ushauri wetu: itumie kwa mwenye uwezo anayekataa kwa kiburi. Bodaboda akiwekwa ndani miezi sita, pikipiki ya mkopo inachukuliwa, na mtoto anakosa hata ile 20,500.

Amri si ya kudumu kama ilivyoandikwa. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, akiugua ugonjwa wa muda mrefu, au kipato cha mzazi kikibadilika, upande wowote unaweza kuomba kiasi kibadilishwe, na mwombaji alete hesabu mpya ya kilo na lita kama ile ya kwanza. Kwa kawaida matunzo yanakoma akitimiza miaka 18. Kama bado anasoma au yuko kwenye mafunzo, chuo cha VETA kwa mfano, ombi la kuendeleza linaweza kupelekwa. Lipeleke kabla ya siku yake ya kuzaliwa, likiwa na barua ya shule au chuo inayoonyesha mwaka anaosoma na mwaka atakaomaliza.